Vitufe Nilivyovihamishia Kushoto

Suri niliikataa tangu siku ya kwanza. Suri ni kile kipanya cha plastiki cha kusukuma mezani. Sisi wa Uvira tunakiita kwa Kifaransa, kama tunavyoita karibu kila kitu chenye waya. Mdogo wangu aliniletea mpya, nyekundu, ingali ndani ya karatasi yake, akaiweka upande wa kushoto wa kompyuta yangu na uso wa mtu anayempelekea mgonjwa machungwa.

"Dada, na iyi utafanya kazi pole pole. Kidole moja inatosha."

"Nani alikwambia minye natafuta pole pole?"

Alirudi kwenye mashine yake ya fotokopi, na suri ikabaki pale mezani mpaka vumbi la barabara likaifunika.

Nilikuwa nimetoka kufunguliwa plasta ngumu ya mkono uliovunjika. Pikipiki niliyopanda iliteleza kule Mulongwe, mto ulipokuwa umeshuka na kuacha tope barabarani. Dereva aliinuka akijipangusa suruali. Mimi niliinuka mkono wangu wa kuume ukining'inia. Mfupa uliunga vizuri. Vidole ndivyo vilivyogoma. Gumba halikutaka kukunjika, na vile vingine vilisogea vyote pamoja, kwa uvivu, kama watoto wanaoamshwa kwenda shule. Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia, huenda ukaamka, huenda usiamke, nami nisikae kuungoja. Nilimshukuru kwa kusema kweli. Watu wengine wote niliokutana nao walikuwa na neno moja tu la kuniambia: pumzika.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Duka letu liko mtaa wa Kasenga, alilianzisha baba, sasa ni la mdogo wangu. Wanafunzi huleta kazi zao za kumaliza masomo, wachungaji huleta nyimbo za kwaya, wenye harusi huleta mialiko. Mdogo wangu hutoa fotokopi na kuchaji simu za watu. Mimi nina meza ya mlangoni, penye mwanga, ambapo ukiinua macho unaona kipande cha ziwa katikati ya mabati ya jirani. Pale nimekaa tangu baba akiwa hai.

Siandikii kwenye programu ya kila mtu, ile yenye picha ndogo ndogo juu za kubofya. Naandikia kwenye kihariri cha zamani, skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Kila amri ni vitufe. Unashika Ctrl kwa kidole kimoja, unagonga herufi kwa kingine, na mstari unafutika, au sentensi inahama, au kitabu kizima kinabadilika mwanzo hadi mwisho kabla hujameza mate. Fundi mmoja wa redio ndiye aliyenifundisha, zamani nikiwa msichana ninayepiga chapa habari. Alisema nikizijua njia za mkato za kihariri hiki sitainua tena mikono kwenye kibodi mpaka wakati wa kula. Wateja waliponiona nafanya kazi walidhani nacheza, maana skrini ilikuwa inakimbia na mimi naongea nao. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo mtaani, na sitajifanya kwamba sikuipenda.

Sasa mdogo wangu alikuwa ameagiza mashine kubwa ya fotokopi kutoka Bujumbura, na duka ni dogo. Kwanza aliipima meza yangu kwa macho. Kisha nikamkuta anaipima kwa futi ya fundi seremala. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini mimi si mtu wa kungoja methali itimie, nikamwuliza mbele ya wateja kama ananifukuza.

Aliona haya. Ni mtu mwema, mdogo wangu, na watu wema wakitaka kukuondoa wanakuondoa kwa upole. "Dada, minye sikufukuze. Kitabu ya Maulidi njo itasema. Kama kamati ya muskiti inaipokea, meza iko yako, sitasema tena. Kama hapana, mashini inakaa pale, na weye unapumzika nyumbani."

"Umesema mbele ya watu," nikamwambia.

"Nimesema."

Kitabu cha Maulidi ni kijitabu cha kasida zinazosomwa msikitini mwezi wa kuzaliwa Mtume, za wanaume na za wanawake, na kila mwaka mimi ndiye ninayekipiga chapa na kukipanga. Kamati huja kukikagua, huchukua nakala, na mtaa mzima unakishika usiku wa kisomo. Si kazi kubwa kwa mtu mwenye mikono miwili. Mimi nilikuwa na mmoja, tena ule usiojua kitu.

Hapa ndipo nilipogundua jambo lililonikasirisha kuliko tope la Mulongwe. Nilikuwa sizijui njia za mkato. Mkono wa kuume ndio uliozijua. Nilikaa mbele ya skrini nikijiuliza mstari unafutwa kwa kitufe gani, kitu nilichokifanya maelfu ya mara, na kichwa hakikuwa na jibu. Basi nikauweka ule mkono mgonjwa juu ya kibodi, nikafumba macho, nikajisemea moyoni: futa mstari. Kidole cha kati kikacheza kidogo, kama mtu anayeota. Nikafumbua macho nikaona kimeelekea K. Nikaandika. Nikasema: shuka mstari. Cha shahada kikajaribu kwenda N. Hivyo hivyo nikaumaliza mkono mzima, naukamua yale uliyoyajua, na mdogo wangu akinitazama kutoka nyuma akidhani naomba dua.

Nilipomaliza nikaona tatizo lote lilivyo. Kitufe cha Ctrl kinakaa pembeni kushoto, na kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichokuwa kikikishika miaka yote. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango tu, wenye shughuli walikuwa wa upande wa pili. Kupanda mstari, kushuka, kufuta, kurudisha kilichofutwa, vyote vilikuwa upande wa kuume, mbali na mkono ulioshika Ctrl. Ukiushikilia mlango huwezi kufika huko. Lakini kihariri hiki kina wema mmoja ambao programu za kubofya hazina. Amri haikuzaliwa na kitufe chake. Unaweza kuiambia kompyuta kwamba kuanzia leo kufuta mstari kunakaa hapa, na inakubali, haikuulizi umepata wapi ruhusa.

Nikavihamisha. Vile vya K na N na P na Y nikaviletea vyumba vipya upande wa kushoto, vingine kimoja kimoja, vingine viwili viwili. Kwenye vitufe nikabandika plasta nyeupe ya dukani na kuandika kwa kalamu, kwa mkono huo huo wa kushoto, herufi zilizopinda kama za darasa la kwanza. Nilikuwa mtu mzima anayejifunza kusoma upya mbele ya wateja wake, na wateja hawakunihurumia. Kibodi zetu ni za Kifaransa, A na Z zimekaa jirani. Nilitaka kurudi mwanzo wa mstari kwa A, nikagusa Z, na Z katika kihariri hiki ilikuwa na kazi ya kuzamisha dirisha zima. Mwanafunzi aliyekuwa amesimama nyuma yangu akaona kazi yake ya mwaka mzima imetoweka.

"Mama! Kazi yangu iko wapi?"

"Imeenda kunywa maji. Inarudi."

Ikarudi. Siku hiyo hiyo nikaivua Z cheo chake cha kuzamisha watu nikaipa kazi ya kurudisha makosa nyuma. Toka hapo kila nilipokosea na kuigusa kwa bahati mbaya, kosa lilijifuta lenyewe, na nilicheka peke yangu kama kichaa.

Mpita njia mmoja, muuza mkaa ambaye hunisalimu kila asubuhi, alinitazama siku hiyo akatikisa kichwa. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mama."

"Mimi sivunji chawa," nikamwambia. "Naandika."

Lazima niseme habari ya mkono huu wa kushoto, maana hasira yangu haikuanzia kwenye pikipiki. Nilizaliwa nikiutumia. Bibi yangu aliufunga kwa kipande cha kitenge wakati wa kula, kila siku, mpaka nikajua kumega bugali kwa kuume. Shuleni masista walimalizia alichoanza bibi. Sikuwahi kuwalaumu, ndivyo watoto wote wa kushoto walivyofanywa, wa msikitini na wa kanisani, jambo hilo huku pwani ya ziwa halina dini. Hata sasa ukimpa mtu kitu huku kwetu unatoa kwa kuume, na kwa heshima zaidi mkono wa kushoto unaushika wa kuume kwenye kiwiko, kama mtumishi anayemsaidia bwana wake kusimama. Nilipoanza kuwapa wateja karatasi zao kwa kushoto, wengine walirudisha mkono. Mama mmoja alingoja mpaka nikaiweka karatasi mezani ndipo akaichukua. Mwanzo nilikuwa naomba radhi. Kisha nikachoka kuomba radhi kwa kuwa na mkono, na ule wa kuume nikaupa kazi moja tu, kukalia karatasi upepo wa ziwani usizipeperushe. Katika hilo ulikuwa hodari.

Kazi ilikwenda. Siku za kwanza ilikwenda kama gari la kusukuma, baadaye ikaanza kuteremka. Asubuhi moja mkono wa kushoto ulifuta mstari, ukapanda, ukaurudisha mahali pengine, na mimi nilikuwa nafikiria chumvi niliyosahau kununua. Niliacha kila kitu nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umejua bila kuniambia. Nilifurahi kiasi cha kwamba nilifunga upande wangu wa duka nikaenda kununua mikeke, wale samaki wa ziwani, wawili wa kukaanga, nikawala kwa mkono wa kushoto, mlangoni, mchana kweupe.

Karibu na mwisho alikuja kiongozi wa kikundi chetu cha kasida cha wanawake, mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni na mwenye sauti ya kuvuka mto. Alipitia kurasa, akasema wasichana wapya wanapotea, hawajui kiitikio kinarudi wapi. Alitaka kila kiitikio kiandikwe tena chini ya kila ubeti, kitabu kizima.

Mdogo wangu akashika kichwa. "Mama, ile njo kazi ya juma nzima! Na dada, na ule mukono yake…"

"Leta kiti, ukae," nikamwambia yule mama.

Nikaiambia kompyuta inikariri. Hiyo ni njia ya mkato iliyo baba wa zote. Unaiwasha, unafanya kazi mara moja polepole, nakili kiitikio, shuka hadi mwisho wa ubeti, bandika, nenda ubeti unaofuata, unaizima, kisha unasema fanya hivyo tena mpaka mwisho. Kidole kidogo kikashika mlango, wenzake wakapita. Nikagonga mara ya mwisho na kurasa zikaanza kukimbia zenyewe, viitikio vikishuka mahali pake, kasida baada ya kasida. Yule mama alipiga kigelegele mle dukani hadi watu wa duka la kushona wakachungulia.

"Weye, uko na jini mule ndani?"

"Iko mukono ya kushoto, mama. Hakuna jini."

Nilimwona mdogo wangu anaitazama futi yake.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Kesho yake alikuja mwalimu wa madrasa, ambaye ndiye anayekagua kitabu kwa niaba ya kamati. Ni mtu wa heshima, alinifundisha mimi mwenyewe alif na be. Alisimama pembeni yangu akisoma skrini, akaridhika na viitikio, akaridhika na alama za hamza. Kisha macho yake yakashuka kwenye kibodi. Nilikuwa naandika salawati.

"Binti yangu, unaandika jina la Mtume kwa mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ule mwingine umekufa."

Alisema pole, na aliisema kwa moyo. Lakini akasema mkono wa kushoto una kazi zake na mimi nazijua, na kitabu hiki si tangazo la duka.

"Mwalimu, tukitawadha tunaosha mikono yote mbili."

"Tunaanza na wa kuume."

"Wa kuume ulishaanza. Miaka yote njo wenye kuanza. Sasa umechoka."

Nadhani kidogo acheke. Hakucheka. Alimgeukia mdogo wangu akamwambia kwa sauti ya chini atafute mtu mwingine wa kumalizia, ili watu wasiwe na maneno. Mdogo wangu alikubali haraka mno. Nilisikia nafuu katika sauti yake, na hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Niliwaambia wote wawili kwamba hakuna mtu atakayekigusa kitabu hiki, kwamba nitakimaliza kwa mkono niliobakiziwa na Mungu, yeye aliyejua anabakiza upi, na kamati ikitaka ikikatae kimefungwa na kukatwa vizuri, kikiwa mezani. Mwalimu aliondoka bila kuaga vizuri.

Mashine kubwa ya fotokopi ikafika juma hilo kwa lori. Ilisimama katikati ya duka ndani ya boksi lake, wateja wakiizunguka. Mimi sikuizunguka, nilikaa mezani kwangu nikaandika. Mdogo wangu alimleta mpiga chapa mwingine aangalie kazi. Kijana alikaa kwenye kiti changu, akagusa kitufe kimoja, mistari ikapanda. Akagusa kingine, ikafutika. Akanyoosha mkono kutafuta suri. "Iyi mashini iko ya nani?" akauliza. Nikamwambia ni yangu, nikamsaidia kuinuka. Alisema atarudi na kompyuta yake mwenyewe, na labda angerudi, lakini msiba ukamtangulia.

Katika siku hizo hizo mama yake mwalimu alifariki. Alikuwa mzee sana. Tulikwenda kuzika, tukakaa matanga, mimi nilipika na wanawake wenzangu, nikikoroga kwa kushoto, na hakuna aliyesema neno juu ya sufuria.

Mwalimu alikuja dukani baada ya hitima. Kitabu kilikuwa kinakwenda kuchapwa asubuhi ya kesho yake. Alikuja mchana, akasimama kwenye boksi la fotokopi, uso umekonda, akazungumza na mdogo wangu kuhusu idadi ya nakala na karatasi ya jalada. Kuhusu mkono hakusema, wala kuhusu mtu mwingine. Mimi niliendelea kusahihisha.

Halafu akaja mezani. Kurasa za mwisho za kitabu ni za marehemu. Kila nyumba huleta majina ya watu wake, na usiku wa kisomo yanasomwa moja moja na kuombewa dua. Majina ya nyumba nyingine yalikuwa yamekwisha kuingia.

"Kuna jina moja limebaki," akasema.

Nilijua ni lipi. Mdogo wangu naye alijua, akaacha kuhesabu karatasi. Nilimwonea huruma mwalimu, kweli nilimwonea. Lakini swali langu lilikuwepo na sikulimeza kwa ajili ya huruma.

"Mwalimu, niandike minye? Ao tungoje mwenye mukono ya kuume?"

Alitazama mikono yangu, wa kuume umelalia karatasi, wa kushoto uko tayari juu ya vitufe vyenye plasta chafu. Nje pikipiki zilipita, mtu akaingia kuuliza bei ya fotokopi na mdogo wangu akamwashiria angoje.

"Andika, binti yangu," mwalimu akasema. "Andika vizuri."

Akavuta benchi, akaketi karibu yangu, akaanza kunitajia jina la mama yake herufi kwa herufi. Nyingi zilikuwa za upande wa kuume wa kibodi. Mkono wangu wa kushoto ulivuka kwenda kuzichukua moja moja, na kila ulipovuka aliungoja ufike, ndipo akataja inayofuata.